Barua Zote za Dada Zilifika Siku Moja

Kuna miezi ambayo mlima wetu hauonekani kabisa. Masika yakishapita baridi inaingia, na ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa juu ya migomba hadi mchana, siku nyingine hadi jioni. Ukiwa mjini Moshi unaangalia juu unaona weupe tu, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima akaondoka akiamini mlima ni hadithi ya watu wa hoteli. Nikikumbuka kazi niliyoifanya miaka ile, hiyo ndiyo picha inayonijia: ukungu dirishani, kioo cha kompyuta kinawaka ndani ya chumba chenye giza kidogo, na barua za watu zinapita taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Sikumbuki kelele yoyote. Najua kelele zilikuwepo, maana duka langu lilikuwa karibu na soko, lakini kumbukumbu zangu zimeziacha nje.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja. Nilipiga chapa, nilitoa fotokopi, na nilitengeneza kompyuta. Ilikuwa ile miaka ambayo biashara zimefunguliwa na kila mtu anauza kitu. Wajomba zangu walikuwa wameshang'oa sehemu ya mibuni na kupanda nyanya, na kompyuta za mitumba zilikuwa zinaingia mjini baada ya nguo na viatu. Mtu akinunua kompyuta mpya, yaani mpya kwake, alikuja kwangu akasema, "Nihamishie kila kitu." Nilimhamishia mafaili, nilimhamishia picha za harusi, kisha nikamuuliza, "Na barua pepe je?" Hapo alinishangaa. Alidhani barua zitamfuata zenyewe.

Hazikufuata. Siku zile barua pepe ilikuwa na makao. Ulipiga simu kwenye mtandao, mashine ikalia mlio wake wa kukwaruza, barua zikashuka zikaingia kwenye kompyuta yako, na kule zilikotoka zikafutwa. Zilibaki kwako tu. Kompyuta ikifa, zimekufa nayo. Na ukibadilisha programu ya kusomea barua, ile mpya haikuzijua barua za ile ya zamani. Ilibidi uende mwenyewe ukatafute mahali zilipofichwa, folda ndani ya folda ndani ya folda, uzinakili, halafu uishawishi programu mpya izipokee. Kazi ya kukaa na kusubiri. Mstari wa kijani unasogea kioo kizima, wewe umeshika kikombe cha chai, nje ukungu, na usipoangalia unaweza kusinzia ukaota barua za watu usiowajua.

Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Wateja walinikera. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni aliyeniambia nihamishe barua muhimu tu, nilipomuuliza zipi ni muhimu akasema mimi ndiye fundi, nijue mwenyewe. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu, na utaratibu wangu ulianza na usafi. Kabla ya kunakili chochote, nilimwaga kikapu cha takataka. Programu zote zilikuwa na hicho kikapu, pale zinapokwenda barua ulizofuta, na watu walikiacha kimejaa matangazo na upuuzi wa miaka. Kukimwaga kulikuwa kubonyeza mara moja. Nilikuwa nabonyeza bila hata kuangalia.

Kisha mama mkubwa akanipigia simu kutoka Kirua.

"Mwanangu," aliniambia baada ya salamu, "kompyuta inagonga."

"Inagonga vipi?"

"Inagonga kama kuna mtu mlangoni. Lakini haingii mtu."

Kwa mtu wa kazi yangu maneno hayo yana maana moja tu: diski inakufa. Na nilijua kilichokuwa ndani ya diski ile.

Mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mjane, mwenye ng'ombe wawili na migomba mingi. Alizaa mtoto mmoja tu, binti, ambaye kwangu hakuwa binamu bali dada kamili. Ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kwa kunifinya. Dada huyo alisomea uuguzi, akapata kazi nchi ya mbali yenye baridi kuliko yetu, akaolewa hukohuko. Alirudi mara moja, Desemba, wakati ambao kila Mchaga anarudi nyumbani hata kama amenuniana na ukoo mzima, na safari hiyo alimletea mama yake kompyuta. Simu ya mezani ilikuwepo, marehemu baba mkubwa aliivuta zamani waya ulipokuwa unapelekwa zahanati ya parokia. Dada akaunganisha kila kitu mwenyewe, akamkalisha mama yake kitini, akamfundisha. Akaondoka. Tangu hapo waliandikiana.

Halafu, mwaka mmoja kabla ya simu ile, dada aliugua ghafla na kufa. Mumewe akamzika kwao.

Wazee wa ukoo walikaa, wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakasema lililokuwa la kusema. Ameolewa, na mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Hakuna aliyekosea. Misa ikasomwa, watu wakala, wakatawanyika. Mama mkubwa hakubishana na mtu, alizunguka na sinia la chai siku ile yote. Wiki kadhaa baadaye ndipo alipomwambia mama yangu, wakiwa wawili jikoni: "Sijaona hata udongo." Mama aliniambia maneno hayo na mimi sikulala vizuri.

Kwa hiyo ndani ya diski iliyogonga mlikuwa na kila kitu ambacho dada alimwandikia mama yake. Hakukuwa na kitu kingine. Nguo zake walizigawa huko, picha zilikuwa chache, kaburi lilikuwa ng'ambo ya bahari. Barua zile zikipotea, mama mkubwa anabaki na cheti cha ubatizo.

Asubuhi iliyofuata nilifunga duka, nikakodi pikapu, nikafunga kompyuta nyingine kwenye blanketi, nikapanda nayo Kirua. Barabara iliingia kwenye ukungu kabla hatujafika hata kanisani. Dereva aliwasha taa mchana. Migomba ilitokea mmoja mmoja pembeni ya barabara na kupotea, maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa mlimani, yalisikika lakini hayakuonekana, na kuna mahali nilihisi kabisa kwamba tukikata kona tutamkuta dada amesimama na ndoo akisubiri zamu yake ya maji. Hatukumkuta mtu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani, baridi hii itakuua. Mama yako hajambo? Mbona umekonda, huko mjini hamli?"

Kompyuta ilikuwa sebuleni, kwenye meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kioo kilikuwa na kitambaa chake, kibodi kitambaa chake, na lile boksi lenyewe lilivalishwa kitambaa kikubwa hadi chini, kimeziba matundu yote ya kupumulia.

"Mama mkubwa! Umeinyonga!"

"Nimeifunika vumbi."

"Inapumua kama ng'ombe. Ungemfunga ng'ombe kitambaa puani?"

"Ng'ombe hakuletwa na dada yako," alijibu, na mimi nikaanza kuvivua vitambaa kimoja kimoja.

Niliiwasha. Iligonga, ikatulia, ikagonga tena. Ilichukua muda mrefu kuamka, na ilipoamka nilifungua ile programu ya barua ambayo dada aliipanga kwa mkono wake. Kisanduku cha barua zilizoingia kilikuwa karibu kitupu. Tangazo moja, ujumbe wa krismasi kutoka kwa mtu wa parokia, basi. Nikatazama barua zilizotumwa: zilikuwepo, za mama mkubwa, zimeanza zote kwa "Mwanangu mpendwa" kwa mtindo wa ubaoni. Lakini za dada hazikuwepo. Nikajiambia labda ziko kwenye folda nyingine, nitazitafuta, ngoja kwanza nifanye usafi. Kikapu cha takataka kilikuwa kimejaa pomoni. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kipanya, kwa mazoea.

Mama mkubwa alikuwa anaingia na birika. Nikamtania bila kugeuka.

"Mama mkubwa, wewe mwalimu gani unakaa na uchafu hivi? Kikapu kimejaa. Nakimwaga."

"Kikapu gani?"

"Hiki hapa cha kwenye kompyuta."

Aliweka birika chini. "Hizo ndizo barua za dada yako."

Sikugusa kitu. Niliinua kidole kutoka kwenye kipanya polepole, nikakiweka mapajani, nikakishika kwa mkono mwingine. Kisha nikageuka.

"Kwa nini ziko huku?"

"Nikishasoma naziweka huko. Zikae wapi? Pale juu ni pa zile ambazo bado. Nilipoona kikapu nikajua ndipo."

Nilitaka kugomba, na nusu ya maneno yalishafika kinywani, lakini macho yangu yalipita mlangoni hadi jikoni, na pale kando ya kizingiti kilikuwepo kikapu chake cha maganda. Nimekua na kikapu hicho. Kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina chake. Maganda ya ndizi yanaingia humo, yanakwenda kwa ng'ombe, samadi ya ng'ombe inakwenda kwenye migomba, majani makavu ya migomba yanalazwa chini ya mibuni, jivu linapelekwa kwenye mboga. Katika maisha yangu yote ya utotoni sikuwahi kuona kitu kikitoka nje ya mpaka wa shamba eti kimetupwa. Mama mkubwa aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka sitini. Hakujua kwamba kuna watu wakitupa kitu wanamaanisha kupotea kabisa, na mimi, niliyezaliwa hukohuko, mjini nilikuwa nimeshasahau kwamba kuna wasiojua.

"Haikukuuliza?" nilisema. "Ukifunga, haikuulizi kama umwage?"

"Inauliza kila siku. Najibu hapana. Nani anamwaga kikapu kila siku? Kinamwagwa kikijaa."

"Na sasa kimejaa."

"Ndiyo. Nilikuwa naona labda mwisho wa mwezi."

Nilicheka. Nilicheka sana, kwa woga, mpaka akanishangaa, na wakati nacheka kompyuta iligonga kwa nguvu, kioo kikaganda, kikawa cheusi.

Haikuwaka tena. Nilijaribu na kujaribu. Mama mkubwa alikaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, akatoa rozari mfukoni, na hakuuliza swali lolote. Hilo lilinitisha zaidi, maana ni mtu wa maswali. Mimi nilifungua boksi, nikaitoa diski. Ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka jikoni. Sasa, mafundi tuna imani zetu, na mojawapo ni kwamba diski inayokufa kwa joto, ukiipoza, wakati mwingine inaamka kwa muda mfupi kabla haijaondoka moja kwa moja. Nikaifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni isiingie unyevu, nikafungua dirisha, nikaiweka kwenye kizingiti cha nje, ndani ya ukungu.

Tukakaa tukaisubiri. Tulikunywa chai. Tulikula mtori uliobaki jana yake. Ukungu uliingia kidogo kidogo kupitia dirisha lililofunguliwa ukafika hadi kwenye makochi, na sebule ikawa haina kona. Nilimwona mama mkubwa kama mtu aliye mbali, midomo yake inatembea, shanga zinapita. Nilifikiri juu ya dada ndani ya mfuko wa nailoni pale dirishani, barua zake zote zimelala, zinapoa. Niliogopa. Sikumwomba Mungu kwa maneno, nilikaa tu nikiogopa kwa nguvu zangu zote.

Diski ilipopoa niliichukua, nikaiunganisha na kompyuta niliyokuja nayo, nikailaza juu ya kitenge kilichokunjwa, nikawasha. Ilizunguka. Haikugonga. Nikaingia moja kwa moja hadi kule ndani zilikofichwa barua, sikuangalia kushoto wala kulia, nikashika faili la kile kikapu na kulivuta upande wetu. Mstari wa kijani ukaanza kusogea. Ulisogea, ukasimama, ukasogea. Mama mkubwa alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, nilisikia pumzi yake kwenye nywele zangu. Mstari ulipofika mwisho nilinakili na zile alizoandika yeye, na hapo diski ikagonga, ikagonga, ikakaa kimya. Sijawahi kuisikia tena.

"Zimepona?" aliuliza.

"Zimevuka. Bado kuingia."

Maana programu mpya nayo ilikuwa na tabia zake. Ilipokea kila kisanduku cha ile ya zamani isipokuwa cha takataka. Kwa akili yake, nani anahama na takataka? Hapo nilitumia hila ndogo ya kazi. Nilibadilisha jina la lile faili, nikalifuta jina la kikapu, nikaandika jina la dada. Programu ikalipokea bila swali, kwa heshima kabisa. Nikanyoosha miguu chini ya meza na kufumba macho kidogo.

Nilipoyafumbua folda ilikuwa imejaa. Na kuna jambo ambalo sikulitegemea, ingawa kwa ufundi wangu ningepaswa kulitegemea. Programu ile iliandika mbele ya kila barua tarehe ambayo barua imeingia kwake, na zote ziliingia kwake siku ile. Pia kwake zote zilikuwa hazijasomwa. Kwa hiyo kioo kilikuwa kimejaa jina la dada, toka juu hadi chini, mstari kwa mstari, kwa herufi nzito za barua mpya, na mbele ya kila jina, tarehe ya leo. Habari za huko, leo. Theluji imeanza, leo. Je, zamu ya maji mmepata, leo. Ng'ombe amezaa? Leo. Nilishuka chini na kipanya na haziishi, miaka yote ya maisha yake ya ugenini ilikuwa imefika siku ile kwa pamoja.

Mama mkubwa alivaa miwani yake. Aliinama.

"Kaandika leo," alisema.

Hakuwa anauliza, na hakuwa amechanganyikiwa, mama mkubwa si mtu wa kuchanganyikiwa. Alisema alichokisoma, kwa sauti ya mwalimu anayesoma ubaoni. Lakini kwa sekunde moja, naapa, nami niliamini. Nilikimbilia kueleza. Nilisema hii ni tarehe ya kupokelewa tu, tarehe za kweli zimo ndani ya kila barua, naweza kurekebisha, naweza kuzipanga upya zionekane kama zamani, ni dakika chache tu.

"Usiguse," alisema.

"Lakini ni makosa, mama mkubwa."

"Nimesema usiguse. Nimekaa mwaka mzima bila barua."

Akafungua moja, ya juu kabisa, akaisoma amesimama hivyohivyo, na nilipoona herufi nzito za mstari ule zinageuka kuwa nyembamba nilitoka nje kwenda kuwaangalia ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa na shida yoyote. Niliwaangalia kwa muda mrefu.

Nilidhani zile nyingine atazisoma wiki ileile. Sivyo alivyofanya. Alifungua moja kila siku, akishakamua, akishapeleka maziwa barabarani, akishanawa mikono. Moja tu. Nyingine zilibaki zimekolea wino zikimsubiri. Siku mojamoja alinipigia simu dukani, katikati ya kelele ambazo sizikumbuki, akaniambia, "Leo nimepata barua," na mimi, mwenye hasira zangu na mteja amesimama mbele yangu, niliuliza, "Anasemaje?" Aliniambia. Anasema amejaribu kupika kiburu kwa ndizi za huko na zimekuwa uji. Anasema mume wake ameumwa jino. Anasema nikusalimie na nikufinye. Nilikuwa nimesahau kwamba aliandika hivyo, au labda sikuwahi kuambiwa. Nilifurahi na nikaumia hapohapo, na mteja akasubiri.

Ukungu uliisha, mlima ukatoka na theluji yake, Desemba ikaja na magari ya Dar es Salaam yakajaa hadi kwenye vichochoro vya migomba, yakaondoka. Mvua ikanyesha. Mama mkubwa aliendelea kupata barua. Kila nilipokwenda kumwona nilimsisitiza tuweke nakala pembeni, kompyuta ni kitu cha kufa, na kila mara alinijibu bado.

Siku moja, ukungu umesharudi, alinipigia akasema, "Zimekwisha." Nilifunga duka mchana uleule.

Nilimkuta ametulia. Alikuwa amevaa gauni la kwenda kanisani na kitenge kipya, ingawa haikuwa Jumapili, na nilipomsalimu aliniitikia kama kawaida na kuniambia nimekonda. Kisha akauliza kama ninaweza kuzitoa zile barua ndani ya kompyuta na kuziweka kwenye kitu cha kushika mkononi.

"Ndiyo maneno hayo!" nilisema. "Mwaka mzima nakuambia. CD itatosha, na nafasi itabaki."

"Zote zitaingia humo?"

"Zote. Na zako za kumjibu."

"Zangu usiweke," alisema. "Zake tu."

Nilinakili, nikahakiki kwamba zimeingia, nikaandika jina lake juu ya CD kwa kalamu nzito, nikaitia kwenye kasha lake na kumpa. Nilikuwa nimefurahi kweli, fundi aliyesikilizwa. Niliendelea kumweleza asiiweke juani, asiiweke karibu na jiko, vizuri zaidi anipe niende nayo mjini, ili nyumba ikipata ajali, Mungu aepushe, nakala iwe salama kwingine. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaitandaza khanga mezani, akaliweka kasha katikati, akaifunga kona kwa kona, vizuri, bila haraka, akatoka nayo mlango wa nyuma. Nilimfuata.

Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, ndipo walipolala watu wa nyumba ile. Kaburi la baba mkubwa lina saruji na msalaba, ya wazazi wake yamezungushiwa masale tu, yale majani marefu tunayopanda penye mpaka na penye kaburi. Kando ya baba mkubwa palikuwa na shimo dogo. Lilikuwa limechimbwa tayari, kingo zake zimenyooka, udongo umerundikwa upande mmoja, na jembe limeegemezwa kwenye mgomba. Shina changa la sale lilikuwa chini, mizizi yake imefungwa kwenye jani.

"Mama mkubwa," nilisema. "Hapana."

Alipiga magoti, akashika ukingo wa shimo kwa mkono mmoja.

"CD haitadumu humo. Unyevu utaila. Baada ya masika mawili haitasomeka tena."

"Kwani huko walikomzika hakuna unyevu?"

Nilisimama pale na ufundi wangu wote.

"Za kusoma ninazo ndani," alisema kwa upole zaidi. "Hii siiweki nisome. Hapa ndipo nilipokizika kitovu chake. Na usiwaambie wazee. Wataniuliza nimezika nini, na mimi sina nguvu ya kumweleza shemeji yangu barua pepe."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na niliona kwamba naye anafanya hivyohivyo. Nilipiga magoti upande wa pili. Aliushusha ule mzigo wa khanga kwa mikono miwili hadi chini kabisa, akaunyoosha ukae sawa, akarudisha udongo kwa viganja, hakutaka jembe, nami nikarudisha wa upande wangu. Akapanda sale juu yake, akashindilia. Ukungu ulikuwa umetufunika, nyumba haikuonekana tena nyuma yetu. Mama mkubwa aliweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo, akasema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kumkaribisha mtu aliyetoka safari ndefu:

"Haya, mama. Umefika."